Uwanja wa Kichuguu

Udongo mzuri wa uwanja wa tenisi, kwa maelezo ya mzee aliyetufundisha, hupatikana kwenye kichuguu kilichohamwa. Kichuguu chenye mchwa bado kina wenyewe wawili: mchwa walio ndani, na mwenye shamba anayengoja kumbikumbi mvua zikianza. Huku kwetu kusini mwa Nyanza hakuna mtu anayetia jembe kwenye kichuguu cha jirani bila kuomba, na aliyeomba huenda akanyimwa. Kwa hiyo mzee huyo, Jaduong' kama sote tulivyomwita, alitembea. Alitoka Homa Bay mjini kwa miguu akaelekea Rangwe, siku nyingine Ndhiwa, akiulizia vichuguu vikavu na kuvigonga kwa fimbo. Kilicho hai hutoa sauti nzito. Kilichokufa husikika kitupu ndani, na ukikikwangua kwa ukucha vumbi lake ni laini kiasi cha kupakwa mtoto baada ya kuogeshwa.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo. Sehemu kubwa ya ardhi kando ya ziwa ni ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Chora mistari ya uwanja juu yake, na baada ya wiki chache za jua kali utakuta nyufa zinazoweza kumeza kidole cha mguu. Mchwa wamekwisha kufanya kazi ambayo binadamu angeifanya kwa mashine: wanapandisha chembe ndogo za udongo kutoka chini, wanaziunganisha kwa mate, wanajenga kitu kigumu kisichoyeyuka kwa mvua ya siku moja. Mama zetu wamesakafia nyumba kwa udongo huo tangu zamani, na enzi za ukoloni vituo vya serikali katika sehemu nyingi za Afrika viliutumia kutengeneza viwanja vya tenisi vya maofisa. Jaduong' alikuwa ameokota mipira kwenye viwanja vya namna hiyo akiwa mtoto, Kisumu, wakati Wazungu walikuwa na vilabu vyao na Wahindi vyao, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi. Hakuruhusiwa kushika raketi. Aliruhusiwa kuvuta rola, kumwaga maji na kufagia. Kwa hiyo aliijua tenisi kutoka chini kwenda juu, akaanza na ardhi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya pole pole mno. Udongo ulipofika ulipondwa kwa mchi, ukachekechwa kwa chekeche la fundi wa plasta, ukachanganywa na mchanga wa ziwani. Hakuwa na vipimo vya ndoo ngapi kwa ndoo ngapi, kwa sababu hakuna vichuguu viwili vinavyofanana. Aliloanisha konzi moja, akaifinyanga iwe tufe, akaliachia lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, mchanga umezidi. Likilala chini bapa kama chapati, maji yamezidi au mfinyanzi umezidi. Likipasuka vipande viwili au vitatu na vipande vikabaki vimeshikamana, alitikisa kichwa kukubali na kusema neno moja tu, “Ber,” yaani vizuri. Ndipo tulipoanza kumwaga, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kila moja likinyweshwa jioni na kushindiliwa alfajiri kabla jua halijawa kali, kwa pipa la lami lililojazwa zege na kutobolewa katikati likapitishwa chuma. Watoto wanne walivuta. Yeye alitembea nyuma, ameinama, akitafuta mahali pipa lilipoacha ukingo.

Uwanja ulielekezwa kaskazini na kusini, ili asubuhi wala jioni mtu asicheze jua likimchoma macho. Ulipewa mteremko wa vidole viwili kutoka upande mmoja hadi mwingine, wa kutosha maji yaondoke bila mpira kuujua. Mteremko huo aliupima kwa mpira mwembamba wa maji, ule wa kuonyesha ndani wanaotumia mafundi wa nyumba, watoto wawili wakishika ncha mbili na yeye akisoma maji yaliposimama. Pembe alizipata kwa kamba ya tatu, nne, tano. Kisha akahakiki kwa namba aliyoikariri tangu ujana: kutoka kona ya nyuma hadi chini ya wavu upande wa pili, mita 16 na sentimita 17. Urefu wote mita 23.77, upana wa wachezaji wanne mita 10.97, wavu sentimita 91.4 katikati. Siku moja tulikuta tumekosea kwa upana wa kiganja, chokaa imekwisha kupakwa na imekauka. Sisi tuliona si kitu. Yeye aliifuta mistari yote kwa maji na brashi, akapiga magoti, akaanza tena na kigingi cha kwanza.

Nikiulizwa ufundi wake ulikuwa nini hasa, najibu kwamba ulikuwa kuufanya mpira udunde sawa. Yote mengine aliyotufundisha yalijengwa juu ya hapo. Sheria za tenisi zinataka mpira ukiachiwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu urudi kati ya sentimita 135 na 147. Udongo hula sehemu ya nguvu hiyo, naye hakushindana nao. Alichotaka ni usawa. Mtoto mmoja alipanda ngazi akaachia mpira, mwingine alichuchumaa akiangalia umefika wapi, na ngazi ikahamishwa hatua mbili, tena hatua mbili, mpaka uwanja mzima umepimwa. Mahali mpira ulipolala alipatia alama ya kijiti, na jioni pale pakachimbuliwa, pakalowekwa, pakashindiliwa upya. Kazi hiyo ilirudiwa kila baada ya mvua kubwa. Tulimwona msumbufu. Kisha akatueleza kwa nini, na maneno yake sijayasahau: “Mpira unaodunda ovyo unamfundisha mtoto woga.”

Nimewatazama watoto wengi tangu siku ile na sijaona mahali alipokosea. Mtoto ambaye mpira umemruka ghafla usoni mara mbili, mara ya tatu anarudi nyuma kabla haujafika. Anafumba macho wakati wa kupiga. Mkono unakaza, bega linapanda, na kocha asiyejua anaanza kumkaripia juu ya mkono wakati tatizo liko chini ya miguu. Unaweza kutumia miaka kurekebisha pigo lililoharibiwa na shimo dogo kuliko kisoda. Jaduong' aliona ni haki ya mtoto kuuamini mpira kwanza, hata kama mtoto huyo hajavaa viatu na raketi yake ina nyufa tatu zilizofungwa kwa utepe wa fundi umeme.

Alikuwa karani wa serikali katika idara ya kilimo. Walimpeleka Migori wakati ungali mji mdogo ndani ya wilaya moja ya South Nyanza, makao makuu yakiwa Homa Bay, na baadaye wakamrudisha Homa Bay, ambako alistaafu. Ujanani alikimbia nusu maili katika mashindano ya wilaya, akaruka juu kwa ule mtindo wa zamani wa mkasi, akacheza kandanda winga ya kushoto. Alipofika umri wa magoti kulalamika aliacha kimoja kimoja, bila kinyongo, akabaki na kamba ya kuruka alfajiri na tenisi. Mimi nilimkuta amestaafu karibuni. Nilikuwa darasa la tano, nimetumwa dukani, nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, nikaufuata. Alinitazama miguu muda mrefu, kisha akasema, “Nyara, vua malapa, ingia.” Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo.

Mipira ilikuwa ghali na haikupatikana Homa Bay. Iliyotufikia ilikuwa mitumba ya vilabu vya Nairobi na Kisumu, imekwisha kupoteza hewa. Mpira wa tenisi huanza kufa siku kopo lake linapofunguliwa, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa ndani hutoroka kidogo kidogo kupitia mpira wenyewe. Mtu mwingine angeitupa. Yeye aliipanga kwenye vikapu vitatu kwa kuifinya mkononi. Iliyolegea kabisa ilikuwa ya watoto wadogo, ya katikati ilikuwa ya waliokwisha kujua kusimama, na ile michache yenye nguvu ilingojea wakubwa. Mtoto wa miaka saba akipewa mpira mpya, unadunda ukapita kichwa chake. Akipewa uliochoka, unamfika kiunoni, mahali ambapo mkono unajua la kufanya. Mwaka 2007 Shirikisho la Tenisi Duniani lilianzisha mpango wa kufundisha watoto kwa mipira ya polepole ya rangi tatu, nyekundu, ya machungwa na ya kijani, na kuanzia 2012 ikawa lazima mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yatumie mipira hiyo. Nilipomwonyesha picha zake kwenye gazeti, alivaa miwani, akaisoma habari yote hadi mwisho, akasema ni vizuri kwamba sasa wametia rangi, maana kufinya kunachosha vidole.

Kurusha mpira ulikuwa ufundi wa peke yake. Makocha wengi husimama upande wa pili wa wavu na kapu lao, wakapiga mmoja baada ya mwingine. Jaduong' alisimama karibu na mwanafunzi, hatua tatu au nne pembeni, akarusha kwa mkono kutoka chini, kiganja kikiangalia juu. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Angeweza kurusha mipira yote ya kapu ikadunda kwenye kitambaa kimoja alichokitandika, kisha akasogeza kitambaa nusu hatua bila kukuambia, nawe ukajikuta umesogea bila kujijua. Hivyo ndivyo alivyofundisha miguu. Sikuwahi kumsikia akisema “sogeza mguu.” Mpira ndio uliosema.

Alikuwepo mvulana wa mtaa wa Shauri Yako aliyekuja amekwisha kuharibikiwa na hofu. Alikuwa amejaribu kucheza mahali pengine, juu ya lami iliyobanduka, na mpira ulikuwa umempasua mdomo. Kila mpira ulipokuja alipinda shingo. Jaduong' alimnyang'anya raketi, akampa kazi ya kusema tu. Mpira ukidunda aseme “achiel,” yaani moja. Jaduong' akiudaka aseme “ariyo,” mbili. Ikawa hivyo asubuhi nzima, achiel, ariyo, mzee akirusha na kudaka mwenyewe, na mvulana akiwa amesimama mikono mitupu. Siku iliyofuata mvulana ndiye aliyedaka. Siku nyingine alipewa kibao cha kukatia mboga apige nacho. Wakati raketi ilipomrudia mkononi alikuwa anaangalia mpira mpaka unagusa nyuzi, kwa sababu mdomo wake ulikuwa na neno la kusema pale pale unapogusa, na mtu hawezi kulisema kwa wakati wake akiwa amefumba macho. Wapo waliomwona mzee anapoteza wakati na mtoto mmoja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, nikiokota, na nilijua naona kazi ya fundi.

Uwanja wa udongo una sifa ambayo saruji haina: unaandika. Kila mpira unaacha alama, kila mguu unaacha mburuzo. Jioni, kabla hatujaruhusiwa kukokota gunia la kusawazishia, Jaduong' aliusoma. Alipita taratibu, mikono nyuma, sisi nyuma yake. Alama ndefu iliyolala ni ya mpira uliopigwa bapa, uliokuja kwa pembe ndogo na kuteleza. Alama iliyokaribia duara ni ya mpira wenye spini, uliopaa na kuanguka kwa kasi. Alama nyingi zikiwa zimerundikana karibu na mstari wa sevisi, alisema, “Leo wote mmecheza mfupi, mliogopa nini?” Mburuzo mrefu wa mguu wa kulia ulimwambia nani amechelewa kuanza kukimbia. Aliweza kusimama mahali hakuna mtu aliyekuwepo, akakuambia ulipiga nini pale saa tisa, wakati yeye saa tisa alikuwa amelala chini ya mwembe. Gunia lilipopita, yote yakafutika, nasi tulikuwa tumekwisha kusomewa.

Alama hizo ndizo zilizokuwa mwamuzi. Palipotokea ubishi, mpira umeingia au umetoka, wote wawili walikwenda kuitazama alama, na aliyeifuta kwa mguu kabla mwenzake hajafika alipoteza pointi. Hiyo ni desturi ya viwanja vya udongo popote duniani. Jaduong' alikazia na haya: alama ikigusa chokaa kwa unywele, mpira ni mzuri, na kama huoni sawasawa, mpira ni wa mwenzako. Ukubwani nilisoma habari za Robert Walter Johnson, daktari Mmarekani mweusi wa Lynchburg, Virginia, aliyewafundisha watoto weusi kwenye uwanja wa nyumbani kwake, Althea Gibson na Arthur Ashe wakiwemo. Aliwaagiza wauhesabu mpira uliotoka nje kidogo kuwa umeingia, ili mpinzani mzungu asipate hata chembe ya kuwashitakia. Gibson alitwaa ubingwa wa Ufaransa 1956 na Wimbledon 1957 na 1958. Ashe alishinda Wimbledon 1975, na kabla ya hapo, mwaka 1971, alimwona mtoto Yannick Noah akicheza Yaoundé, akasaidia apelekwe Ufaransa akafunzwe. Noah naye akashinda Roland Garros 1983. Huwa nairudia hesabu hiyo nikisikia watu wakisema kocha wa mtaani ana kazi ndogo. Kutoka uwanja mmoja nyuma ya nyumba ya daktari hadi bingwa wa Paris mzaliwa wa baba Mkameruni, unaweza kuifuata njia yote kwa kidole.

Raketi alizitia nyuzi mwenyewe, na hapa ziwa lilimsaidia. Nyuzi za dukani zilikuwa hazishikiki bei. Nailoni nene ya mishipi ya kuvulia mbuta ilipatikana kwa kila muuza vifaa vya uvuvi. Ubaya wake ni kwamba inavutika. Ukiitia kwenye raketi leo, wiki ijayo inalegea kama kamba ya nguo. Kwa hiyo aliivuta kwanza. Aliifunga kwenye tawi la mwembe, akaning'iniza jiwe, akaiacha usiku kucha. Asubuhi alifunga fremu juu ya benchi kwa vibao na mpira wa baiskeli, akaanza kupitisha, wima kwanza, kisha akafuma ulalo, juu na chini, juu na chini. Kukaza alitumia ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 hivi, nayo ilining'inia kwenye ncha ya uzi ikipita juu ya gogo lililopakwa sabuni, mpaka uzi utulie. Hapo alichomeka msharasi wa fundi viatu kwenye tundu kuuzuia usirudi, akahamisha ndoo kwenye uzi unaofuata. Kwa mtoto mdogo alipunguza maji, kwangu mimi na wenzangu wakubwa aliijaza. Nyuzi zilizolegea kidogo zinausukuma mpira zenyewe na hazimwumizi mtu kiwiko. Alipomaliza alipitisha ukucha juu ya nyuzi moja baada ya nyingine, akisikiliza, na iliyotoa sauti ya chini ilifunguliwa. Raketi moja ilimchukua asubuhi nzima. Hakuwahi kutoza mtoto hata shilingi.

Jumamosi nyingine tulipanda matatu kwenda Migori, Rodi Kopany, Rongo, Awendo, tukishuka na magunia ya raketi katikati ya wauza miwa. Alikuwa ameacha uwanja kule tangu siku za ukarani, na wanafunzi. Safari ya kwanza tulipigwa vibaya. Mipira yetu yote ilikwenda nje, nusu hatua, hatua moja. Alitungoja tumalize kulalamika, kisha akatueleza habari ya hewa. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Homa Bay imekaa juu yake kidogo tu, wakati Migori imepanda zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na mpira unapata kizuizi kidogo; kanuni za kimataifa zenyewe zimeweka mpaka kwenye mita 1,219, na juu ya hapo inatengenezwa mipira maalumu. Tofauti ya Homa Bay na Migori si kubwa, lakini mchezaji aliyezoea upepo mzito wa jioni unaotoka ziwani, unaosukuma mpira wake urudi ndani, anaikuta imejumlika. Dawa yake ilikuwa kufupisha mkono nyuma na kuupandisha mpira kwa spini, na tuliijaribu palepale mpaka jua likatua. Nadhani alitupeleka makusudi kwa ajili ya kipigo hicho. Hatungeuelewa upepo wa kwetu kama tusingeukosa.

Yeye mwenyewe nilimwona akicheza hadi uzeeni kabisa. Hakukimbia tena. Alikuwa amesimama mahali unapotaka kupiga, kabla hujaamua. Vijana wa chuo waliokuja likizo na mapigo ya nguvu walimkuta amewarudishia mpira ule ule na nguvu zao zile zile, umelala kando ya mstari. Kisha mmoja mfupi nyuma ya wavu. Kisha mmoja mrefu juu ya vichwa vyao wakati wamekuja kuufuata ule mfupi. Raketi yake haikupanda juu ya bega. Hatua zake zilikuwa ndogo, nyingi, za kusugua ardhi, na kabla ya kila pigo la mpinzani visigino vilinyanyuka kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi, halafu akatua. Mchezo wote aliotufundisha ulikuwa ndani ya kule kunyanyuka. Ukitaka kuona wazee wengine wa namna hiyo, soma habari za Leonid Stanislavskyi wa Ukraine, aliyekwenda Mallorca mwaka 2021 kucheza mashindano ya dunia ya wakongwe akiwa na miaka 97. Sisi wetu hakuwa na pasipoti wala hakuitafuta.

Julai 2022 Angela Okutoyi, msichana wa Nairobi aliyelelewa na nyanya yake, alishinda Wimbledon ubingwa wa vijana wa wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kabla yake kutwaa taji la Grand Slam. Paul Wekesa alikuwa amefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, na kwa miaka mingi jina lake ndilo tulilokuwa nalo la kutaja. Nilimpigia Jaduong' simu usiku ule. Alikuwa amesikia redioni. Alifurahi mpaka akakohoa, akaniuliza alama za kila seti, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtangazaji aliyeuliza: alipokuwa mdogo, nani alikuwa akimrushia mipira? Nikamwambia nitaulizia. Akasema, “Uliza, nyara. Mtu huyo asalimiwe.”

Alituacha baada ya hapo, mzee aliyeshiba siku, na wanafunzi wake wa Migori na wa Homa Bay walikutana mazishini wakiwa watu wazima, walimu, wauguzi, madereva, mmoja fundi wa boti. Uwanja uko mikononi mwa yule mvulana wa Shauri Yako, ambaye sasa ana mvi mbili tatu na watoto wake wawili wamo kwenye kapu la mipira iliyolegea. Ana rola ile ile ya pipa. Ngazi ilioza akatengeneza nyingine. Anarusha kwa kiganja kuangalia juu, na bado hajaweza kulenga kitambaa kwa kapu zima, ila anakaribia.

Upande wa kusini wa uwanja umechakaa na unahitaji tabaka jipya. Mvua za mwaka jana zilikula kona moja mpaka mchanga ukatokeza. Kichuguu kimepatikana karibu na Rodi Kopany, kikubwa, kimehamwa siku nyingi, na mwenye shamba amekubali kwa sharti kwamba shimo litakalobaki lifukiwe, maana ana ndama. Kinachosumbua ni gari. Tumekwisha kuchanga sehemu ya nauli ya lori, na wenzetu wa Migori wameahidi kuleta watu sita wa kuponda na chekeche mbili. Inabidi udongo uwe umefika kabla ya mwisho wa Januari, vuli ikiwa imekatika, ili upate wiki nne au tano za kunyweshwa na kushindiliwa kabla masika hayajafungua.